Somo: Tundu refu la kekee na hali ya chuma chini ya uso wake

Assalamu alaykum, ndugu mafundi. Tundu ambalo kina chake kinazidi mara 10 ya upana wake huhesabiwa kuwa tundu refu, mfano njia za mafuta ndani ya shafti za injini za boti zinazoletwa karakanani hapa Malindi.

Hatua ya kwanza ni kuielewa kekee. Ile iliyobuniwa kwa mitutu ya bunduki hukata kwa upande mmoja tu, na nguvu inayobaki hubebwa na pedi zinazosugua na kukandamiza ukuta wa tundu. Kwa mkandamizo huo chuma cha karibu na uso huwa kigumu zaidi, na ndani yake hubakia mkazo wa kubana unaochelewesha nyufa za uchovu, yaani zile zinazoletwa na mzigo unaojirudia mara nyingi. Hii ni faida kubwa.

Hatua ya pili ni joto, nayo naomba isomwe kwa utulivu. Kekee ikiwa butu, au mafuta ya kupozea yasipofika nchani kwa shinikizo la kutosha, uso wa chuma cha kaboni unaweza kupita nyuzi 727 za Selsiasi, kisha ukapozwa ghafla na chuma baridi kinachouzunguka. Hapo hutokea tabaka jeupe, jembamba, gumu mno na jepesi kupasuka, ambalo chini yake mara nyingi huwa na chuma kilicholainika. Mkazo nao unaweza kugeuka ukawa wa kuvuta, ilhali kwa macho tundu linang'aa vizuri.

Hatua ya tatu: kata kipande cha majaribio, king'arishe, kipake spiriti yenye asidi ya nitriki asilimia 2 hadi 5 ukiwa umevaa glavu na miwani, kisha kitazame kwa hadubini. Chuma cha kawaida hufifia, tabaka hilo hubaki jeupe.

Suali, mwanachama wa Wete: Mwalimu, nikilisugua tundu kwa mawe, tabaka litaondoka?

Jawabu: Litaondoka iwapo utaondoa unene wake wote, tena polepole na kwa mafuta mengi, kwani kusugua kwa pupa huleta joto jipya.

Suali, mwanachama wa Mkoani: Chuma cha 304 kisichoshika kutu hunigomea katikati ya tundu. Kwa nini?

Jawabu: Chuma hicho huwa kigumu upesi kinaposuguliwa bila kukatwa. Usiiache kekee izunguke papo hapo. Isukume kwa mwendo usiobadilika, na inoe kabla haijawa butu.