Namna ya kujua manispaa sahihi ya mtu aliyeko Møre og Romsdal, Norwei

Hapa Mwenge, kwenye ofisi yangu ya kuchapa, kutoa kopi na kujaza fomu za mtandaoni, wateja wa mambo ya Norwei si wengi. Lakini wakija, shida huwa ileile: fomu inataka manispaa, mteja ana jina la mahali tu. Wengine ni mabaharia wanaosaka kazi za meli, wengine kina mama wenye mabinti walioolewa huko. Mkoa unaowasumbua zaidi ni Møre og Romsdal, ulioko pwani ya magharibi, makao makuu yake Molde. Utaratibu wangu ndio huu.

Kwanza tenganisha wilaya na manispaa. Kwetu mtu akikutajia Temeke au Kigamboni, umeshajua uende ofisi ipi. Kule wilaya ni za asili tu. Ziko tatu: Sunnmøre kusini, Romsdal katikati, Nordmøre kaskazini. Watu wanajivunia kwao, kila upande na lafudhi yake, lakini ukitafuta ofisi ya Sunnmøre ya kukugongea muhuri huipati. Chini ya mkoa kuna manispaa moja kwa moja, na kwa sasa ziko 27. Kwa hiyo mama akiniambia binti yake yuko Sunnmøre, namjibu, "Hapo bado, mama. Nifungulie ile meseji aliyokutumia anwani."

Kwenye anwani, macho yangu yanakwenda kwenye msimbo wa posta. Una tarakimu nne na hukaa kabla ya jina la mahali. Kwa kawaida ukianza na 60, 61 au 62 uko Sunnmøre. 63 na 64 ni Romsdal. 65 na 66 ni Nordmøre. Ila jina linalofuata msimbo ni la posta, si lazima liwe la manispaa, na hapo ndipo fomu nyingi zinapoharibika. Mfano, "6216 Geiranger". Geiranger inajulikana dunia nzima kwa ule mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima, uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2005. Pamoja na sifa zote hizo, si manispaa. Iko ndani ya Stranda. Vivyo hivyo "6300 Åndalsnes" ni manispaa ya Rauma. Mabaharia, nyie mtakutana sana na Fosnavåg, penye kampuni nyingi za meli: manispaa yake ni Herøy. Ulsteinvik, mji wa kujenga meli, uko manispaa ya Ulstein.

Ukiwa na shaka, ingia kwenye rejista ya misimbo ya posta ya Norwei, iko wazi mtandaoni. Ukiandika msimbo unapata jina la manispaa na namba yake. Namba hiyo nayo ina tarakimu nne, kwa hiyo usizipandanishe: ya manispaa za mkoa huu huanza na 15, ambayo ni namba ya mkoa wenyewe. Ulsteinvik ni 6065 kwa posta, na manispaa yake ya Ulstein ni 1516. Mimi namba ya manispaa naiamini kuliko jina, kwa sababu majina yanajirudia. Kuna Herøy nyingine huko juu, mkoa wa Nordland. Ile ni 1818, hii ya kwetu ni 1515.

Sasa angalia tarehe ya karatasi uliyoletewa. Hili watu hawalifikirii kabisa, na sijui kwa nini, maana hata hapa Dar halmashauri ya jiji ilivunjwa Februari 2021, Ilala ikapandishwa kuwa jiji, na mpaka leo unaletewa karatasi zenye kichwa cha Manispaa ya Ilala. Wenzetu waliunganisha manispaa nyingi Januari 2020. Skodje, Ørskog, Sandøy na Haram ziliingizwa Ålesund. Midsund na Nesset zikaenda Molde. Norddal na Stordal zikawa Fjord. Fræna ya Romsdal na Eide ya Nordmøre zikawa Hustadvika, ndiyo maana ukiuliza Hustadvika iko wilaya gani utapata majibu mawili na yote yana ukweli. Volda ikaichukua Hornindal kutoka mkoa wa jirani, kwa hiyo msimbo 6763 uko Volda ingawa hauanzi na 61.

Haram hawakukubali yaishe. Walidai kujitoa, na Januari 2024 wakarudi kuwa manispaa yao. Namba ya zamani, 1534, hawakurudishiwa. Sasa ni 1580. Ålesund nayo ilikuwa 1504 hadi mwisho wa 2019, ikawa 1507, na tangu 2024 ni 1508. Kwa hiyo mtu aliyeko Brattvåg anaweza kuwa na barua ya 2018 inayosema Haram, ya 2021 inayosema Ålesund na ya 2024 inayosema Haram tena, na wala hajahama nyumba. Fomu ikiuliza makazi ya sasa, andika Haram 1580.

Kristiansund na Kristiansand ni miji miwili, mmoja uko Nordmøre, mwingine kusini kabisa mwa nchi. Mashabiki wa Manchester United nawarahisishia: Kristiansund ndiko alikozaliwa Ole Gunnar Solskjær, yule wa bao la fainali ya Ulaya ya 1999 iliyochezwa Barcelona, kabla hajaenda Molde na kisha Old Trafford. Huwa hawasahau tena.

Herufi: kwenye simu, bonyeza o uishikilie, ø itatokea, a itakupa å na æ. Fomu ikizikataa, weka oe kwa ø na aa kwa å. Kwenye orodha ya kuchagua, herufi hizo ziko mwisho, baada ya z. Mteja anahangaika juu kwenye A, anaziona Aukra, Aure na Averøy, anasema Ålesund haimo. Shuka mpaka chini.

Ukishapata manispaa, jua unaiuliza nini. Chekechea, shule ya msingi, daktari wa familia na ustawi wa jamii ni vya manispaa. Sekondari ya juu, tiba ya meno ya umma, mabasi na pantoni nyingi ni vya mkoa. Kibali cha kuishi si cha yeyote kati yao; hicho ni cha serikali kuu, kupitia UDI, yaani idara yao ya uhamiaji, na polisi.

Na kama karatasi yako ya zamani imeandikwa Rindal au Halsa, usizitafute tena Møre og Romsdal. Rindal ilihamia mkoa wa Trøndelag mwaka 2019, na Halsa ikafuata 2020 ikiwa ndani ya manispaa mpya ya Heim.