Namna ya kujitengenezea radio ya intaneti ambayo mutu asiyeona anaitumia peke yake

Baba mukubwa wangu hapa Bukavu, glokoma ilimumaliza macho yote mawili, na kitu alibaki nacho asubuhi mpaka usiku ni radio. Shida ni kwamba nyumba yake iko chini ya kilima, FM zingine zinafika zikikwaruza tu, na telefone ya kugusa kioo haimufai, kidole kikiteleza kidogo tayari amefungua kitu kingine na hajui ni nini. Njo nikamutengenezea radio ya intaneti kwa vifaa vya bei ndogo, haina kioo hata kidogo, na yenyewe inamwambia iko fasi gani. Naandika vile nilifanya juu najua nyumba nyingi ziko na muzee kama huyu.

Vifaa kwanza. ESP32 (kiplaketi kadogo chenye kompyuta na wifi ndani), na utafute ile yenye PSRAM, ni kusema memori ya kuongeza (inaitwa WROVER), juu laibrari ya sauti tutakayotumia (programu iliyoandikwa tayari na batu wengine), matoleo yake mapya hayatembei bila hiyo memori. Kiplaketi cha MAX98357A ambacho kinapokea sauti ya dijitali na kuikuza, kikipata volti 5 kinasukuma bafule (spika) ya ohm 4 mpaka wati 3 hivi, na mu chumba hiyo ni sauti ya kutosha kabisa. Bafule yenyewe niliitoa mu radio ya zamani iliyokufa, angalia nyuma yake wameandika ohm ngapi. Kadi ya microSD na kisomeo chake, potansiometa ya kilo-ohm 10 (ile ya kuzungusha kuongeza ao kupunguza sauti), rezistansi 5 za kilo-ohm 1, kondensateri ya mikrofaradi 1000, na komutateri ya kuzungusha yenye nafasi 6, ile inalia "ka, ka" kama ya feni. Vitu vya ESP32 nilimwagiza ndugu aliyekuwa anapita Kampala, vingine unaokota kwa mafundi wa radio. Kwangu vyote vilikula karibu dola 20.

Hiyo komutateri njo roho ya kazi yote. Batu wengi wanaweka butoni moja ya "inayofuata", unabonyeza unabonyeza mpaka ufike, kwa mwenye macho haina neno juu anaona jina kwa kioo. Asiyeona anahitaji kila stesheni ikae fasi yake, haihami: kushoto kabisa Radio Okapi, "ka" moja RFI Kiswahili, "ka" mbili BBC, na kuendelea. Baada ya siku mbili mukono unajua wenyewe. Sauti pia vilevile, weka potansiometa, sio ile ya kuzunguka bila mwisho, juu potansiometa inagonga ukuta huku na huku, na muzee anajua radio itaongea kwa nguvu kiasi gani mbele hata ya kuiwasha. Kwa kichwa cha komutateri nilibandika punje moja ya muhindi kwa gundi, pale kwenye mushale, na nilimuona akipitisha kidole gumba juu ya ile punje polepole, kisha akasema "ah, iko inaangalia juu". Sikumueleza kitu ingine tena.

Kuunganisha: MAX98357A weka BCLK kwa pini 27, LRC kwa 26, DIN kwa 25, VIN kwa volti 5, GND (minus) kwa GND. Kondensateri ikae karibu sana na hiyo VIN, angalia plus na minus, la sivyo besi ikipiga umeme unashuka na ESP32 inajizima na kuwaka tena, mimi ilinisumbua jioni nzima nikifikiri ni programu. Na waya mbili za bafule zote zinatoka kwa kikuza sauti, usiunge hata mumoja kwa GND, utakiunguza. Kadi ya microSD: CS 5, SCK 18, MISO 19, MOSI 23, na uiformati FAT32. Potansiometa waya wa katikati kwa pini 34. Kwa komutateri, panga zile rezistansi 5 mustari mumoja toka volti 3.3 mpaka GND, unapata fasi 6 za kuunga waya, kila nafasi ya komutateri ishike fasi yake, waya wa katikati uende pini 35. Usichukue pini zingine za kupima volti hovyohovyo, juu zile za ADC2 (kundi la pili la pini za kupima volti) zinakataa kama wifi inatembea. Kila nafasi itakupa namba yake, andika zile unazoziona kabisa kwa ordinateri, usitegemee hesabu ya karatasi, na mu programu, mupaka wa nafasi moja na nyingine uuweke katikati ya namba zao mbili.

Programu tumia Arduino IDE (ya kuandikia ESP32 kwa ordinateri) na laibrari ya ESP32-audioI2S. Amri unazohitaji si nyingi: connecttohost kwa kufungua stesheni, connecttoFS kwa kucheza faili ya kadi, setVolume toka 0 mpaka 21. Linki iwe ya sauti yenyewe, sio ya ukurasa. Ukipewa faili ya .m3u ao .pls, ifungue kama maandishi, linki ya kweli iko ndani. Nyingi utazipata kwa radio-browser.info.

Sasa kitu batu wanasahau: kimya. Radio ikinyamaza, mwenye macho anaangalia taa, asiyeona hajui kama kurani (umeme) imeenda, ao mega (bando ya intaneti) zimeisha, ao stesheni imekufa, ao yeye ndiye ameharibu. Mara ya kwanza wifi ilikatika, baba mukubwa alikaa akiuliza "nani alizima hii kitu?" na hamukuwa mutu nyumbani. Kwa hiyo nilichukua mujukuu wake, tukarekodi kwa telefone maneno mafupi, tukayaweka MP3 kwa kadi: "nimewaka", "natafuta wifi", "wifi hamuna, ngojea", "hii stesheni haijibu", na jina la kila stesheni. Programu itaje jina kwanza, na ifungue stesheni tu kama mukono umetulia sekunde moja, la sivyo akizungusha haraka majina yanapandana.

Wifi ya ESP32 ni ya gigaherzi 2.4 peke yake, kama unagawa mega toka telefone uchague hiyo. Mega zenyewe: stesheni ya kilobiti 64 inakula karibu MB 29 kwa saa, ya 128 inakula mara mbili, kwa hiyo kama iko ya 32 ao 48 chukua hiyo, habari haihitaji zaidi. Kurani ikienda, pawabenki inatosha, radio inakula kidogo, lakini wifi nayo iwe na pawabenki yake.

Linki usiziandike ndani ya programu. Ziweke kwa faili ya maandishi kwenye kadi, mustari mumoja stesheni moja, juu stesheni zinabadilisha adrese bila kuaga, na siku hiyo mujukuu atatoa kadi, atabadilisha mustari kwa telefone, atairudisha, na wewe unaweza kuwa uko safari.