Kulala ndani ya gari Kabale bila kutetemeka

Wageni ninaowaendesha hupanda gari Kampala na kaptula zao, eti Uganda ni joto tu. Haya. Kabale, mji wa kusini-magharibi mwa Uganda, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi.

Anzia chini, maana sakafu ya bati ndiyo inayokunyonya joto. Tandika mkeka, kisha blanketi lililokunjwa mara mbili, ndipo godoro. Kata maboksi kwa kipimo cha kila kioo, uyabane. Ila dirisha moja liache wazi upana wa kidole. Ukiziba kote, pumzi zenu zitageuka maji, yatiririke viooni hadi kwenye mashuka.

Sigiri ibaki nje, hata kama yamesalia makaa mekundu tu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini. Kwa hilo sibembelezi mtu. Ichemshie maji huko huko nje, ujaze chupa ya mpira, uivishe soksi, uiweke miguuni. Injini zima.

Ukitoka Kabale kuelekea mji wa Kisoro, usikurupuke alfajiri: kona za Kanaba, kule mlimani njiani, hujaa ukungu. Kunywa chai kwanza.