Kubadilisha kompresa ya AC ya gari nyumbani bila kuiua ile mpya

Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, haifi bure. Ikikwama au ikichoka, karibu kila mara kuna kilichoimaliza. Huenda gesi imevuja taratibu ikaondoka na mafuta, unyevu umeingia, vumbi la chuma linazunguka ndani ya mabomba, au feni ya kondensa (rejeta ya mbele inayopoza gesi) haifanyi kazi na presha imekuwa ikipanda kila siku bila mtu kujua. Anayefungua bolti nne, akabandika mpya na kujaza gesi, anairudisha kompresa hiyo kwenye mazingira yaleyale yaliyoua ya kwanza. Bolti ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Muda mwingi utaumaliza kwenye mafuta, usafi na kuvuta hewa.

Kwanza hakikisha mkosaji ni kompresa

Klachi ya kompresa (sumaku inayoiunganisha na puli ya mkanda AC ikiwashwa) isipovuta, usikimbilie kununua. Anza na fyuzi na rilei, kisha unganisha geji za AC gari likiwa limezimwa na limepoa. Geji zote mbili zinapaswa kusoma sawa, na kwa gesi ya R134a presha hiyo hufuata joto la hewa: nyuzi 25 ni takriban psi 82, nyuzi 30 ni takriban psi 97. Ikisoma 20 au 30, gesi imekwisha, na swichi ya presha inafanya kazi yake kwa kuikatalia klachi umeme. Hapo tafuta panapovuja. Ila kusoma 97 si ushahidi kwamba gesi imejaa. Kunaonyesha tu kwamba bado kuna kiasi ambacho hakijageuka chote kuwa mvuke.

Gesi ikiwepo, chomoa soketi ya waya wa klachi, washa AC na upime. Volti 12 zikifika na koili ikasoma takriban ohm 3 hadi 5 lakini klachi haivuti, angalia mwanya kati ya sahani ya mbele na puli. Nyingi hutakiwa kuwa kati ya milimita 0.3 na 0.6. Klachi ikilika mwanya hupanuka, na sumaku hushindwa kuvuta, hasa injini ikishapata moto. Kupunguza washa moja nyembamba nyuma ya sahani kunaweza kumaliza tatizo bila hata kugusa gesi. Kelele inayosikika hata AC ikiwa imezimwa nayo huwa ya beringi ya puli, ambayo kwa kompresa nyingi hubadilishwa peke yake.

Kompresa iliyochoka kweli hujionyesha kwenye geji: upande wa presha ndogo uko juu, upande wa presha kubwa uko chini, na vinakaribiana. Iliyokwama hujionyesha kwenye mkanda, ambao hulia na kutoa moshi klachi ikivuta. Zima injini ujaribu kuzungusha sahani ya mbele kwa mkono. Ikigoma, au ikizunguka kwa kukwaruza, hakuna mjadala.

Magari mengi mapya yana kompresa isiyo na klachi. Puli huzunguka wakati wote na valvu ya umeme ndiyo huamua kiasi cha gesi kinachosukumwa. Hapo valvu ikifa, dalili hufanana kabisa na za kompresa iliyochoka, basi ipime kwanza.

Gari la haibridi au la umeme lenye nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye kompresa si kazi ya nyumbani. Mbali na volti zinazoua, kompresa hizo hutumia mafuta ya esta yasiyopitisha umeme, na mabaki kidogo tu ya mafuta ya kawaida ya PAG kutoka kwenye geji yako yanatosha kuharibu kinga ya umeme ndani yake.

Gesi iliyomo

Hata AC isiyopoza huwa na gesi. Usiifungulie hewani. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikikurukia huunguza ngozi na macho kwa baridi, na kilo moja yake hupasha joto anga kuliko kilo 1,000 za hewa ukaa. Nchi nyingi zimekataza kuimwaga. Peleka gari gereji yenye mashine ya kunyonya gesi, uombe wakuambie zimetoka gramu ngapi. Zikitoka 200 wakati kibandiko cha chini ya boneti kinasema 500, kuna mahali panavuja, na lazima upapate kabla ya kufunga chochote kipya.

Kibandiko hichohicho hutaja aina ya gesi. Ikiwa ni R1234yf, hiyo inaweza kushika moto na midomo yake ya kujazia ni tofauti. Ushauri wetu: kufungua na kufunga fanya mwenyewe, kunyonya na kujaza waachie wenye mashine yake.

Vya kununua

Kompresa, draya, valvu ya ekspansheni (inayopunguza presha ya gesi kabla ya kupoza), oringi (raba za duara za kuzuia uvujaji) za kila kiungo utakachofungua, na mafuta. Draya si hiari. Punje zake za kunyonya unyevu zikishakaa wazi hujaa, na kichujio chake ndicho kilichopokea takataka za kompresa iliyokufa. Wauzaji wengi wa kompresa hukataa dhamana ukikosa risiti ya draya mpya, na wana sababu.

Weka kompresa mpya kando ya ya zamani kabla ya kuondoka dukani, kama inawezekana. Hesabu mifereji ya puli, pima kipenyo chake, linganisha masikio ya bolti, mahali ilipo midomo ya mabomba na umbo la soketi ya waya. Tofauti ya milimita mbili kwenye puli itakula mkanda.

Mafuta yafuate kibandiko au kitabu cha gari: PAG 46, PAG 100 na PAG 150 hutofautiana uzito na hayabadilishani. Nunua kopo dogo, maana PAG hunyonya unyevu wa hewani na kopo lililokaa wazi halifai tena. Oringi ziwe za mpira maalumu wa AC. Za maji au za dizeli huvimba na kuachia. Na uikwepe gesi yenye dawa ya kuziba matundu, kwa sababu huziba pia vitundu vya valvu ya ekspansheni na kuharibu mashine za gereji.

Vifaa vya kuazima au kukodi: geji za AC, pampu ya vakyumu na mizani inayosoma gramu.

Kufungua

Toa waya hasi wa betri. Piga picha ya njia ya mkanda kabla ya kuulegeza. Kompresa nyingi zimekaa chini ya injini, na mara nyingi njia nyepesi ni kupitia kwenye gurudumu la mbele baada ya kutoa kifuniko cha plastiki. Gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake isikushawishi.

Anza na mabomba. Hushikwa na bolti ndogo inayofunguliwa kwa soketi ya 10, imeingia kwenye aluminiamu, na hukatika upesi. Ipulizie dawa ya kutu, subiri, kisha irudishe nyuma na mbele kidogo kidogo badala ya kuilazimisha. Bomba likigoma kutoka, lizungushe taratibu; usilibenue kwa bisibisi, utakwaruza uso ambao oringi inaegemea. Mabomba yakitoka tu, ziba midomo yote kwa mifuko safi na raba. Kisha toa soketi ya waya na bolti tatu au nne za kushikilia. Mkono mmoja uwe chini yake, kwani ina kilo tano hadi saba.

Sasa mimina mafuta ya kompresa ya zamani kwenye kikombe cheupe chenye vipimo, ukizungusha sahani ya mbele ili yatoke yote. Yatazame kwenye mwanga na uyasugue kati ya vidole. Yakiwa maang'avu, ya manjano au ya kijani ya rangi ya kutafutia uvujaji, mfumo una afya. Yakiwa meusi na yanametameta, yakiacha vidoleni unga wa rangi ya fedha, kompresa imejisaga na unga huo umeshafika kwenye kondensa.

Hapo kazi imekua. Kondensa za kisasa zina vijia vyembamba vingi vinavyokwenda sambamba. Dawa ya kusafishia hupita kwenye vilivyo wazi na kuviacha vilivyoziba kama vilivyo. Badilisha kondensa. Mabomba na evaporeta (rejeta ya ndani ya dashibodi inayopoza hewa) vinasafishika: pitisha dawa kinyume na mwelekeo wa gesi, kisha puliza naitrojeni au hewa kavu hadi karatasi nyeupe uliyoishika mdomoni mwa bomba ibaki kavu na safi. Dawa ikibaki ndani itayafanya mafuta mapya kuwa mepesi. Kamwe usipitishe dawa kwenye kompresa, draya au valvu ya ekspansheni.

Hesabu ya mafuta

Hapa ndipo kompresa mpya nyingi huuawa. Tuseme mfumo mzima unahitaji mililita 120, na kompresa mpya imekuja na 120 ndani. Ya zamani imetoa 40. Kwa hiyo 80 hivi bado ziko kwenye mabomba, kondensa na evaporeta. Ukifunga mpya kama ilivyokuja, utakuwa na 200. Mafuta ya ziada hufunika kuta za evaporeta kwa ndani, AC haipoi vizuri na presha inapanda.

Kama mfumo ni safi, mwaga mafuta ya mpya, irudishie 40, na uongeze 10 hadi 20 kwa ajili ya yaliyoondoka na draya, au kiasi kinachotajwa na kitabu cha gari. Kama umesafisha kila kitu na kubadilisha kondensa, anza na 120 kamili. Na kama ya zamani imetoa matone tu? Usikisie. Hujui kilichobaki huko ndani, hivyo safisha mabomba na evaporeta, kondensa ikiwa haisafishiki ibadilishe, uanze na kiasi kamili.

Kufunga

Mimina mafuta kupitia mdomo wa kunyonya, kisha zungusha sahani ya mbele kwa mkono mara kumi au zaidi. Mafuta hayabanwi kama gesi. Yakikusanyika kwenye silinda, mzunguko wa kwanza wa injini unaweza kuvunja valvu za ndani.

Shika bolti zote kwa vidole kwanza, ndipo ukaze, ukizifuata za kukabiliana. Bolti za kushikilia huwa kwenye Nm 25 hivi na zile ndogo za mabomba Nm 10 hivi, lakini kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Hakikisha oringi ya zamani haijabaki imenata mdomoni. Mbili zikikaa pamoja zitavuja tu. Paka mpya mafuta yaleyale ya PAG. Draya iwe ya mwisho, na vifuniko vyake uvitoe pale tu unapoifunga.

Kuvuta hewa

Pampu ya vakyumu haitoi hewa tu, hukausha. Presha ikishuka sana, maji huchemka kwenye joto la kawaida na kuvutwa kama mvuke. Ipe dakika 45, zaidi kama mfumo ulikaa wazi. Usawa wa bahari geji husoma karibu inchi 29 au 30 za zebaki. Kwenye miinuko hupungua takriban inchi moja kwa kila mita 300, hivyo usidhani pampu ni mbovu.

Funga valvu za geji, zima pampu, subiri dakika 30. Sindano ikipanda kidogo na kusimama, bado kuna unyevu: endelea kuvuta. Ikipanda bila kukoma, kuna tundu. Isiposogea ni dalili njema, ingawa kuna kiungo kinachoshika kikivutwa na kuachia kikisukumwa.

Kujaza

Jaza kwa uzito. Kwenye mfumo wa gramu 450, kukosea 50 kunasikika. Toa hewa iliyo kwenye mpira wa geji, weka kopo juu ya mizani, na uache gesi iingie, injini ikiwa imezimwa, mpaka isimame yenyewe. Pakaa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kisha washa injini, AC na feni kwa nguvu zote, umalizie kupitia upande wa presha ndogo pekee, kopo likiwa wima ili uingie mvuke na si kimiminika. Valvu ya presha kubwa usiiguse injini ikizunguka: presha inayozidi psi 200 itarudi kwenye kopo na kulipasua.

Klachi mpya inahitaji kuzoea. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500, washa AC sekunde kumi, zima kumi, mara kumi na tano hivi.

Hewa ikiwa nyuzi 30, tarajia psi 30 hadi 45 upande mdogo na 180 hadi 240 upande mkubwa, na hewa ya nyuzi 5 hadi 10 mdomoni mwa dashibodi. Pande zote zikiwa juu, gesi imezidi, hewa imebaki ndani, au feni ya kondensa haizunguki. Upande mdogo ukishuka hadi chini ya sifuri, valvu ya ekspansheni imeziba. Na AC ikipoza, ikaacha, kisha ikarudi baada ya kupumzika, ni unyevu unaoganda hapohapo, basi rudi kwenye pampu.

Mwisho rudisha vile vifuniko viwili vidogo vya plastiki kwenye midomo ya kujazia, na hakikisha raba zake za ndani zipo. Valvu iliyo chini yake huvuja polepole ikiachwa wazi, na huenda ndipo gesi ya kwanza ilipopitia.