Namna ya Kuyatembelea Makumbusho ya Zimamoto na Polisi ya Sheffield

Makumbusho haya yako mtaa wa West Bar, katikati ya mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ndani ya jengo lililojengwa mwaka 1900 ili polisi, zimamoto na huduma ya kubeba wagonjwa vikae chini ya paa moja. Zamani yaliitwa Makumbusho ya Zimamoto na Polisi. Siku hizi jina lake ni National Emergency Services Museum, na hilo ndilo la kuandika kwenye ramani ya simu.

Kabla ya kwenda, hakikisha siku na saa za kufungua kwenye tovuti yao, kwa kuwa hayafunguliwi kila siku. Ukifika kwa treni, panda tramu hadi kituo cha Cathedral, kisha uteremke kwa miguu kupitia Paradise Square. Mteremko huo ni mkali na umetandikwa mawe, kwa hiyo mwenye kigari cha mtoto au asiyetembea vizuri ni afadhali achukue teksi.

Usikimbilie ndani. Simama kwanza ng'ambo ya barabara ulitazame jengo lenyewe, maana hicho ndicho kifaa kikubwa kuliko vyote vilivyohifadhiwa hapo. Milango ya chini ni mipana kwa sababu ilipitisha magari ya kuzimia moto yaliyokokotwa na farasi. Mgeni hujiuliza kwa nini mahabusu wawekwe jirani na farasi wa zimamoto. Jibu ni kwamba katika miji mingi ya Uingereza kikosi cha zimamoto kilikuwa tawi la polisi, na askari yuleyule aliyeshika doria aliweza kuitwa kwenda kushika mpira wa maji. Mpango huo ulikoma mwaka 1941, wakati wa vita, serikali ilipoviunganisha vikosi vyote vya zimamoto kuwa kimoja cha taifa. Na viliporudishwa kwa serikali za mitaa mwaka 1948, havikurudi tena mikononi mwa polisi. Ukiingia ukiwa na hilo kichwani, vyumba ambavyo vingeonekana kama ghala la vitu visivyohusiana vitaanza kueleweka.

Anza na seli. Ni seli halisi za kituo, si za kuigiza, na inafaa uingie moja ukae kimya kidogo kabla kundi la watoto wa shule halijafika. Uangalie unene wa mlango na tundu ambalo askari alichungulia.

Baada ya hapo nenda kwenye magari, ambayo kwa maoni yangu hupewa muda mwingi mno na wageni, hasa akina baba. Mekundu yanang'aa na yanapendeza kwenye picha, lakini mengi yanafanana. Tenga muda zaidi kwa kofia. Wazimamoto wa Uingereza walivaa kofia za shaba tangu miaka ya 1860, zenye upanga wa shaba, kama ule wa jogoo, unaopita juu ya utosi kutoka paji la uso hadi kisogoni, na zikang'arishwa kila siku. Umeme ulipoenea majumbani, kofia hizo zikageuka hatari, kwani shaba hupitisha umeme, na waya uliokatika darini ungeweza kumuua aliyezivaa. Ndiyo maana zilizofuata zilitengenezwa kwa vitu visivyopitisha umeme. Ziweke mbili hizo machoni kwa pamoja, ulinganishe.

Wengi wa wanaohudumu humo ni watu wa kujitolea. Ukimwona aliyesimama karibu na gari la kale, muulize linavyowashwa au pampu yake inavyovuta maji, badala ya kumuuliza lina umri gani. Umri umeandikwa kwenye kibao, ila namna ya kulitumia mara nyingi anaijua yeye tu.

Saa mbili zinatosha kwa mtu mzima. Mwenye watoto aongeze moja, kwani watataka kupanda magari yanayoruhusiwa kupandwa, na kuwashusha humo si kazi ya dakika tano.