SOMO: Uchovu usioisha baada ya matibabu ya saratani ya titi, tuanze mazoezi taratibu

Mama zangu na dada zangu, salaam kutoka Tanga. Leo nataka tuongelee ule uchovu unaobaki ukishamaliza dripu za kemo (zile dawa kali za kuua saratani) na mionzi kule Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, maana ukirudi nyumbani watu wanakwambia si umeshapona mbona bado unalala lala, mwisho na wewe unaanza kujiona mvivu. Sio uvivu jamani! Huu uchovu hauishi kwa usingizi, unalala usiku kucha unaamka hoi, na kwa wengine unakaa miezi hata miaka. Tena ukikaa sana kitandani misuli inanywea, afu kesho kazi ndogo tu inakumaliza kuliko jana. Kitu kilichopimwa kwa wagonjwa wengi na kikaonekana kweli kinaupunguza ni mazoezi, najua mtu kachoka kumwambia atembee inauma lakini ndo hivyo.

HATUA YA 1, dokta kwanza. Ukienda kliniki, hata hapo hospitali yetu ya Bombo, omba wacheki damu, maana upungufu wa damu nao unachosha na hautibiwi kwa kutembea, tezi ya shingo nayo icheki, na kama hulali au una huzuni isiyoisha sema usifiche. Kama ulipewa ile kemo nyekundu (dripu yenye rangi nyekundu, doxorubicin) uliza kuhusu moyo wako, kuna wengine inawagusa moyo. Na kama ugonjwa umefika kwenye mifupa usianze chochote kabla hujaelekezwa, mfupa unaweza kuvunjika.

HATUA YA 2, kutembea. Anza dakika 5 au 10 basi. Joto letu mnalijua, toka baada ya swala ya alfajiri au jioni jua likishapoa na ubebe maji. Mnaokaa Ngamiani hapa mjini Tanga nyie mmerahisishiwa, barabara zina namba, leo toka ya 8 nenda mpaka ya 10 urudi, wiki ijayo ukijiona uko vizuri ongeza moja. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea na mwenzio ila kuimba huwezi. Tunataka taratibu tufike dakika 30, mara 3 kwa wiki.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu naomba mnisikilize. Siku ukiamka una nguvu unataka ufue nguo zote, udeki, uende soko la Mgandini, upike na wali wa nazi, kesho yake huinuki siku mbili na unasema mazoezi hayanifai. Siku ya nguvu fanya kile kile ulichopanga tu, na siku mbaya fanya nusu yake, hata kuzunguka uani, ila usiache kabisa. Ukiamka umechoka kuliko jana ujue ulizidisha, punguza.

HATUA YA 3, misuli, mara 2 kwa wiki. Kaa kwenye kiti usimame bila kushika, mara 8 hivi, sukuma ukuta kwa mikono, nyanyua chupa ya maji ya nusu lita. Inatosha kwa kuanzia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Makorora: Mkono umevimba tangu operesheni, niliambiwa nisibebe kitu maisha yangu yote.
Jibu: Zamani ndo walivyokuwa wanasema mama. Mwaka 2009 ulitoka utafiti Marekani kwa wanawake wenye mkono kama wako, walinyanyua vyuma wakianza na vyepesi sana na kuongeza kidogo kidogo huku wanasimamiwa, na uvimbe haukuzidi. Vaa ile soksi ya kubana mkono kama ulipewa, na mtu wa fiziotherapia akuonyeshe kwanza. Ila ndoo ya lita 20 usiibebe ghafla. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, au ukipata homa, hospitali siku hiyo hiyo.

Dada wa Pongwe: Bado niko kwenye kemo, nisubiri nimalize?
Jibu: Usisubiri mdogo wangu, kama dokta karuhusu tembea kidogo. Zile siku baada ya dripu ambazo unajijua unakuwa hoi pumzika, utaendelea zikipita. Ukiwa na homa usitembee wala usingoje kesho, nenda hospitali.

Mama wa Chumbageni: Kazi za nyumbani si ndo mazoezi?
Jibu: Zinasaidia, lakini kufua umeinama masaa mawili kunaumiza mgongo na hakupimiki. Mimi naona bora binti au shemeji afue, wewe hizo nguvu ukatembee, na baba watoto aelezwe kwamba kule kutembea ni sehemu ya matibabu, asije akasema unazurura.

Dada wa Duga: Nameza vidonge vya homoni, magoti na vidole vinakaza asubuhi.
Jibu: Baadhi ya vidonge hivyo vinafanya hivyo kweli, na kutembea pamoja na mazoezi ya misuli hupunguza hayo maumivu. Usiache vidonge kimya kimya, mwambie dokta anaweza kukubadilishia. Asubuhi kunja na kunjua vidole kwenye maji ya uvuguvugu kabla hujatoka.