Kabla hujamfungia mtu stoo: ya kuzingatia kwa wenye maduka, wenyeviti na sungusungu wa Tabora

Ukimkamata mwizi akiiba mbele ya macho yako, sheria inakuruhusu. Lakini ruhusa hiyo ni fupi: anapelekwa polisi bila kuchelewa. Nguvu ni ya kumzuia asikimbie tu. Asipigwe, asivuliwe nguo. Chukua namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo), andika saa uliyomkamata na saa uliyomkabidhi.

Ofisi ya kijiji si mahabusu. Hata mkuu wa wilaya, ambaye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu kuagiza mtu awekwe ndani, mwisho wake ni saa 48, na sababu anaziandika, nakala inakwenda kwa hakimu. Mwenyekiti wa kitongoji atazitoa wapi siku tatu?

Kinachoponza wengi ni deni. Chukua msimu wa tumbaku, Urambo au Kaliua. Mkulima alikopa mbolea, masoko yamefunguliwa, kauza, hela haionekani. Mwenye duka anatuma bodaboda na kijana mmoja wa miraba minne. Wanamtoa nyumbani kwake, wanampakia mshikaki hadi dukani. Stoo, kufuli. Simu kwa mke: "Lete hela, umchukue." Hapo tayari yameharibika. Kumtoa mtu kwake kwa nguvu ili ukamfiche na kumfungia, Kanuni ya Adhabu inafika miaka saba jela. Hata kama alikuja dukani kwa miguu yake, kumfungia tu ni kosa: hadi mwaka mmoja jela, au faini. Mlinzi aliyeshika ufunguo anaunganishwa kwenye kesi hiyo hiyo, na "nilitumwa na bosi" haimwokoi. Ile simu mke ataieleza mahakamani neno kwa neno. Na deni bado halijalipwa, wakati lilikuwa dai la kufungua mahakama ya mwanzo, ukiwa na karatasi ya mkopo na shahidi aliyeona mifuko ikipakiwa.

Watoto ndiyo kabisa. Mvulana chini ya miaka 14 au msichana chini ya 16 hachukuliwi bila ridhaa ya mlezi wake halali. Hata kama alipanda treni Kigoma mwenyewe, akifurahia kazi ya ndani aliyoahidiwa, ridhaa yake haihesabiki. Hapo pia ni hadi miaka saba, na akikutwa anatumikishwa inaingia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008.

Kama kuna mtu ndani sasa hivi, fungua. Piga 112. Ana jeraha, apate PF3 (fomu ya polisi ya kutibiwa) na hospitali. Usimsainishe karatasi ya "sikuonewa": saini ya mtu aliyekuwa nyuma ya kufuli inageuka kielelezo dhidi yako.

Nanyi ndugu wa aliyekamatwa, msikae nyumbani mkisubiri simu. Nendeni kituoni, ulizeni kosa lake na saa aliyoingizwa. Zikipita saa 24 hajafikishwa mahakamani wala kupewa dhamana, tafuteni wakili apeleke maombi Mahakama Kuu Tabora, jaji aamuru aletwe.